Mwaka Tulipotoa Masega

Kulwa aliponipigia simu kuniambia mama yake ametutoka, jambo la pili alilosema, kabla hata hatujamaliza kulia, ni kwamba gari la marehemu baba yake halijawashwa tangu mvua zilipoanza, na baba zake wadogo wanataka litangulie mbele ya msafara wa mazishi. Hakuniuliza kama nitakuja. Aliuliza kama anunue betri yeye au nitakuja nayo mimi. Nikamwambia asinunue chochote. Nikafunga gereji yangu ya Isaka, nikawaacha madereva wa malori wakinung'unika kwa lugha zao zote, nikapakia betri, kopo la petroli safi na seti ya plagi, nikashika barabara ya Shinyanga. Njiani niligundua kwamba nimekaa wima kwenye usukani kama mtu anayekwenda kupokea kitu. Nilikuwa na huzuni, Mungu anajua, maana Mama Kulwa hakuwa mteja tu kwangu. Lakini chini ya ile huzuni kulikuwa na majivuno, yale yale ya mwaka ule wa Geita, na sikuona sababu ya kuyafukuza.

Nilifika Geita nikiwa na sanduku la spana na cheti cha chuo cha ufundi nilichokikunja mara nyingi hadi kikachanika kwenye mikunjo. Nilipanga chumba Kalangalala, nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kwa mwaka mzima nililala na kuamka juu ya ngurumo yake. Maji niliyoyaacha kwenye beseni asubuhi, jioni yalikuwa na utando wa vumbi la kijivu. Vumbi hilo lilikuwa kwenye mto, kwenye mafuta ya kujipaka, kwenye ugali. Majirani zangu wachimbaji waliosha kila kitu mara mbili, na maji ya pili hawakuyamwaga ovyo, kwa sababu katika mji ule hakuna mtu aliyekuwa na uhakika kwamba vumbi ni vumbi tu. Dirisha langu lilikuwa dogo kama kitabu. Kila mara nikikumbuka kujiamini, jinsi kunavyoanza mwilini kabla hakujafika kichwani, nakumbuka dirisha lile na mikono yangu ninayoinawa kwa sabuni ya unga huku nikijua, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba uchafu ule ni wangu na nimeupata kihalali.

Gereji ilikuwa ya Fundi Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyeswali juu ya boksi lililokunjuliwa pembeni ya shimo la kukagulia magari. Alikuwa na sheria moja, na wateja wenye haraka waliichukia. Kila kifaa unachokitoa kwenye injini, kabla hujakiweka chini, lazima ukishike juu na kuitaja kazi yake kwa sauti. Ukishindwa kuitaja, unakirudisha. Mtu mgeni akipita nje ya uzio wetu angedhani kuna darasa la ngumbaru: "Hii inavuta hewa." "Hii inazuia mafuta yasirudi." Jofrei, fundi mwenzangu kutoka Moshi, alikuwa akizitaja kazi hizo kwa sauti ya mchungaji anayebariki ndoa, na Fundi Rajabu alikuwa akicheka bila kuinua macho. Na wateja, wakiingia na kunikuta mimi, mwanamke, nimeinama kwenye boneti, walikuwa na swali moja. Fundi yuko wapi? Nilikuwa nimezoea. Nilijibu "nimetoka kidogo", halafu naendelea kufungua nati.

Mama Kulwa aliingia siku moja ya masika akiwa amevaa kaniki nyeusi ya ujane na viatu vya mgodini. Alikuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, mwanamke mpana asiyependa kukaa, na mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Marehemu alikuwa ameacha gari: Mjerumani wa zamani, jeusi, refu, lenye viti vya ngozi na saa ya mshale kwenye dashibodi, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka Mwadui. Kwa gari hilo aliwatoa mapacha wake hospitalini. Kwa gari hilo alimfundisha mkewe kuendesha, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, huku wafugaji wakishangilia. Sasa limekaa uani kwake, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na ndugu wa marehemu walikuwa wamekaa kikao Shinyanga wakaamua kwamba gari hilo ni chuma chakavu na chuma hicho ni cha ukoo. Mama Kulwa aliwabishia mbele ya wazee. Hapo ndipo mdogo wa marehemu, Ndalahwa, aliposema maneno ambayo Mama Kulwa alitusimulia akiwa amesimama, akiiga hata jinsi shemeji yake anavyonyoosha kidole.

"Siku ya kujengea kaburi la kaka, shemeji, likija linatembea lenyewe, chukua, ni lako. Likija juu ya lori, au lisipokuja, tusisumbuane tena."

Kaburi lingejengewa baada ya mavuno. Mama Kulwa alituangalia mmoja mmoja. Hakuomba. Alisema tu kwamba ndani ya gari lile kuna mahali mumewe alipokuwa akiegemeza kiwiko, na ngozi yake imelainika pale kuliko kwingine kote, na hawezi kumwachia mtu mwingine mahali pale.

Tulilivuta kwa kamba hadi gereji. Liliwaka, nikiri, liliwaka siku ile ile, lakini liliwaka kama mgonjwa anayeitikia jina lake. Lilikuwa na misi, moto ukirukaruka ndani ya injini, likitetema hadi kioo cha pembeni kikalegea. Ukikanyaga mafuta lilivuta pumzi na kugoma. Baada ya muda mfupi bomba la moshi lilikuwa jekundu chini ya sakafu. Fundi Rajabu aliinama, akaangalia wekundu ule, akasema kwa utulivu kwamba masega yameziba. Masega ni kile kichujio kilichomo kwenye bomba la moshi, chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, cha kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Haya yalikuwa yameyeyuka ndani na kuwa jiwe. Juu ya injini nako mambo yalikuwa mabaya: pampu ya kupulizia hewa kwenye moshi ilikuwa imekamata na mkanda wake umekatwa na fundi fulani zamani, valvu ya kurudisha moshi ndani ya injini ilikuwa imeganda ikiwa wazi, na vimpira vyembamba vilivyounganisha vitu hivyo vilivunjika ukivigusa, kama michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Vifaa vipya havikuwepo Geita, Mwanza, wala mahali popote ambapo Mama Kulwa angeweza kufika kabla ya mavuno. Ilibidi vitolewe vyote, na matundu yote yazibwe sawasawa ili injini isivujishe hewa.

Jofrei alisema hiyo ni kazi ya kumaliza jina la mtu mjini. Fundi Rajabu alinigeukia. "Minza, hili ni lako," alisema. "Wewe ukishika kitu hukiachi."

Nikatandika khanga yangu kuukuu kwenye benchi, nikaanza. Nilitoa kifaa, nikakishika juu, nikakitaja, nikakiweka kwenye khanga kwa mpangilio wa nilivyokitoa. Hii inapuliza hewa. Hii inarudisha moshi. Kwa matundu yaliyobaki nilihitaji vibati vya chuma kizuri kisichopinda kwa joto, nikavipata kwa jirani yangu wa karasha, aliyenipa kipande cha ngoma ya mashine iliyokwisha kazi, chuma kilichokula mawe miaka na miaka. Nilivikata kwa grenda, nikavisawazisha kwa tupa, polepole, kila jioni mwanga ukiwa bado mzuri, nikiviweka juu ya kioo kuona kama vinacheza. Nilipofika kwenye kidude kidogo kilichochomekwa kwenye bomba la moshi, Jofrei akaniambia nikitupe, si masega yanaondoka? Nikakishika juu. Nikakumbuka chuo. Nikasema kinanusa moshi na kuiambia injini iongeze au ipunguze mafuta. Fundi Rajabu akasema, basi pua ibaki. Tukachomelea nati kwenye bomba jipya, tukaikaza pua humo. Najivunia nati ile kuliko vitu vingi nilivyopata baadaye kwenye maisha.

Ndalahwa alikuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa kijana bado, mwembamba, kofia ya pama, viatu vinang'aa katikati ya oili yetu. Akaniangalia, akaangalia juu ya kichwa changu.

"Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo," nikasema. "Ndiye mimi."

Hakuitikia marahaba. Alimgeukia Fundi Rajabu, akaeleza kwa kunong'ona kunakosikika hadi barabarani kwamba amesikia masega ya magari ya Wajerumani yana dhahabu nyeupe ndani, na hiyo ni mali ya kaka yake. Kumbe ndicho chuma cha ukoo alichokuwa akikitafuta. Mama Kulwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye tairi akimenya karanga, alisema mpeni shemeji masega yake, na bomba lake pia mkitaka. Ndalahwa aliyapakata kama mtoto. Jioni ile nikiwa chumbani nilisikia karasha ikibadilisha sauti, nikatoka, nikamkuta amekodi mashine, anayasaga. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika kwa heshima yote. Unga ukatoka wa kijivu, ukaoshwa kwenye karai, ukatiwa zebaki kama unavyotiwa mchanga wa dhahabu, ukakorogwa na kukorogwa. Wenye dhahabu wanajua: zebaki huikamata dhahabu ikawa donge. Hii haikukamata chochote. Ilizunguka peke yake ndani ya karai, safi, inang'aa, inamwangalia. Baadaye nilikuja kujua kwamba madini yale yapo kweli, machache, ila hayashikwi kwa njia hiyo. Siku ile mzee mmoja mchimbaji alimshika bega akamwambia kwa upole, "Nkoi, rafiki yangu, labda lilikuwa gari la Kijapani." Kicheko cha watu kilivuka kuta zote za Kalangalala.

Mavuno yalikuwa yamekaribia tulipofunga nati ya mwisho. Kulibaki kimpira kimoja kinene kilichotoka juu ya injini, chenye harufu ya oili iliyoungua, na kwa kuwa kilikuwa kinapitisha moshi, sote watatu tulikubaliana kwamba ni cha ukoo wa vitu vya moshi. Hakuna aliyekishika juu. Tukakiziba kama vingine. Tukalitoa gari kwenda kulijaribu barabara ya Katoro, Mama Kulwa kwenye usukani, mimi pembeni, Fundi Rajabu na Jofrei nyuma, mahali pa kuku. Sitaisahau nguvu ile. Lilipanda kilima bila kubadilisha sauti. Lilikuwa na mngurumo wa chini, mnene, uliopita kwenye kiti na kuingia mgongoni. Mama Kulwa alikuwa akilia na kuendesha, hafuti machozi. Kisha tukasikia mlio kama wa chupa ya soda inapofunguliwa, na kioo cha mbele kikageuka cheusi.

Stiki ya kupimia oili ilikuwa imeruka kutoka mahali pake. Oili ilikuwa imetapakaa injini nzima, na sili ya mbele imesukumwa nje. Jofrei alisema injini imekufa, mapete ya pistoni yamekwisha, ndiyo maana inasukuma oili nje. Tulilirudisha gari likivutwa kwa kamba na lori la mchanga, Mama Kulwa akiwa kwenye usukani njia nzima. Alikuwa anaangalia ile kamba. Nilijua anaona nini: anajiona anavyoingia Shinyanga nayo.

Kesho yake sikuweza kufanya kazi. Nilikwenda kukaa kwa mama lishe nyuma ya soko, kwenye kile kibanda cha turubai ambako mwaka mzima nilikula ugali wa muhogo na dagaa kwa mlenda, na siku njema michembe iliyopikwa na karanga hadi ikawa nzito. Benchi lilikuwa la ubao mmoja mrefu, mtu mmoja akiinuka wengine mnayumba. Wachimbaji wawili walikuwa wakibishana mgongoni kwangu. Duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilikuwa limekutana chini kwa chini na duara la jirani, na jirani kwa hasira akaliziba tundu lake la hewa kwa viroba. Mmoja alikuwa akisema yeye hashuki tena.

"Baruti ikipigwa mle, moshi unatokea wapi?" alisema. "Unarudi kwenye ngazi. Unakurusha wewe na ngazi yako."

Nilinawa mkono na tonge langu likiwa bado kwenye sahani. Mama lishe akaniuliza kama mboga ina chumvi. Nilikimbia. Injini nayo inapiga baruti ndani yake, maelfu kwa maelfu, na moshi kidogo lazima upenye kwenda chini kwenye oili. Lazima uwe na pa kutokea. Nilifika gereji nikaufungua ule mpira mnene, nikaung'oa mfuniko tuliouziba nao, nikaushika mpira juu mbele ya Fundi Rajabu na Jofrei, nikasema kwa sauti, huku nikihema: "Hii inapumua." Fundi Rajabu aliupokea mkononi. Akavua kofia yake ya kufuma, akajikuna, akasema kwamba ameitunga sheria ile yeye mwenyewe na siku moja tu aliyoisahau ndiyo hiyo. Tukabadilisha sili. Mapete yalikuwa mazima.

Safari ya Shinyanga niliifanya nikiwa kiti cha mbele, miguu juu ya sanduku la spana, masikio yakiwa ndani ya injini. Tulipita Kahama kukiwa na vumbi la pamba. Isaka malori yalikuwa yamepangana kando ya reli yakisubiri mizigo, na madereva walisimama kuangalia, na nadhani hapo ndipo nilipopapenda pale mahali ambapo baadaye ningefungua gereji. Mama Kulwa aliendesha kwa mikono miwili, ila kila baada ya kijiji alikuwa akipitisha kiwiko chake kwenye egemeo la katikati ya viti, kwenye ile ngozi laini, na kukiondoa. Tulipoingia uani kwa marehemu, ndugu wote walikuwa wameketi kwenye mikeka wakila. Ndalahwa aliinuka na mfupa mkononi. Alilizunguka gari, akainama akatafuta alama za kamba mbele na nyuma. Hakuzipata. Mama Kulwa hakuzima injini. Aliiacha ingurume pale, polepole, bila kutetema, hadi wazee wakaacha kutafuna ili waisikilize. Kaka mkubwa wa ukoo ndiye aliyesema. Alisema, "Ndalahwa, kaa chini, ule."

Wapo wanaonisema siku hizi, hasa vijana wanaokuja kujifunza kwangu, kwamba mbona ninakataa kutoa masega yaliyo mazima wakati jina langu lilianzia kwenye kuyatoa. Nawaambia nimeishi nyuma ya karasha, najua maana ya kula hewa ya mtu mwingine. Kinachofanya kazi kiachwe kifanye kazi. Gari lile lilikuwa limeziba koo, na sikutoa kitu chochote ambacho sikuweza kukitaja, isipokuwa kile kimoja, nacho nilikirudisha. Wakimaliza kubisha nawashikisha kifaa mkononi na kuwaambia waseme kinafanya nini. Fundi Rajabu ameshatangulia pia. Lakini pita Isaka asubuhi yoyote, utamsikia.

Uani Shinyanga, juzi, nilikuta watu wamejaa na gari limefunikwa turubai. Nilifunga betri, nikabadilisha plagi, nikamimina petroli safi. Kabla sijajaribu kuwasha, niliinama na tochi. Vibati vyangu vilikuwa pale pale. Kutu imevila kidogo pembeni, lakini mikwaruzo ya tupa ilikuwa inaonekana, yote imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Nikazungusha ufunguo. Lilikohoa, likasita, likashika. Watoto wakapiga vigelegele, mama mmoja akawanyamazisha kwa ajili ya msiba, halafu naye akatabasamu.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, akatoka mzee mwenye fimbo, akiongozwa na mjukuu. Macho yake yana ukungu siku hizi, miguu haimpeleki mbali, na makaburini asingefika kwa kutembea. Alisimama barazani akiielekezea sikio ile ngurumo.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza Ndalahwa.

Mjukuu akamwambia, yule pale, babu, kwenye boneti. Alikuja taratibu, akaipapasa bodi kwa kiganja mpaka akanifikia, akaushika mkono wangu wenye oili.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, fundi," akasema. "Wabeja, asante. Nifungulie mlango, nikae mbele na wewe."

Nikamfungulia. Alipokwisha kukaa aliweka kiwiko kwenye egemeo la katikati, akatulia, akawa anaisugua ile ngozi kwa kidole gumba, mbele na nyuma, hadi makaburini.